Daftari la Mzee Keya

Siku tuliyomzika babu, watu walipokwisha kurudi kutoka makaburini na kukaa jamvini, aliingia mzee mmoja mwenye koti zito la watu wa milimani, fimbo kaishika kwa mikono miwili. Hakuna kati yetu aliyemjua. Alisikia tangazo la msiba redioni usiku uliotangulia, akateremka kutoka Lushoto kwa basi la alfajiri, na pale stendi ya Tanga akauliza nyumba ya Mzee Keya. Wakamleta mpaka mlangoni. Mtaa wetu wa Ngamiani haukuwa na Keya wawili.

Alipewa maji, akanywa. Kisha akaomba aseme neno.

"Mie nilikuwa mtoto wa miaka saba," akasema. "Huyu marehemu ndiye aliyetuletea kaka yetu."

Hakuongeza jingine. Akakaa, machozi yanamtoka bila sauti, na wanaume waliomzunguka wakatazamana kwa kutoelewa. Bibi yangu alikuwa chumbani, eda imeshaanza, lakini sauti ilimfikia dirishani. Akanishika mkono akaninong'oneza: "Huyo ni wa daftari."

Hiyo ilikuwa mwaka 2007. Daftari lenyewe nililikabidhiwa mimi, nami nimekaa nalo miaka yote hii nikijua kwamba iko siku nitaandika habari zake.

Keya ni herufi tatu za Kiingereza, K, A na R, za jeshi la King's African Rifles, kwa matamshi ya watu wetu. Askari wa jeshi lile akaitwa keya, na Kiswahili cha kambini, kile cha amri kilichokatwa ngeli zote, kikaitwa Kikeya. Babu alikuwa mwana wa Tongoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, na babu yake mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Hakukipenda Kikeya hata siku moja. Alikuwa akisema amri alizitii zote, ila ngeli zake hakuna aliyemvua. Jina la Keya lakini alilipokea, akalivaa maisha yake yote kama alivyovaa kofia yake ya kiua.

Baba yake naye alikwisha kupitiwa na vita vya wazungu. Novemba 1914 Waingereza walipowashusha askari wao kutoka India hapa Tanga, wakapigwa na Wajerumani na kuumwa na nyuki, yeye alikuwa kijana wa kubeba mizigo. Alichukuliwa upagazi, akazunguka nchi, akarudi Tongoni bila hata karatasi ya kuonyesha alikuwa wapi. Kwa hiyo mwaka 1942, babu alipokwenda kujiandikisha, mzee wake hakumzuia wala hakumbariki. Alimwambia jambo moja: "Andika kila kitu. Mie sikujua kuandika." Nilipomuuliza babu kama alikwenda kwa hiari yake, alijibu kwamba hakuna aliyemfunga kamba, lakini kijana wa darasa la nne asiye na kazi hana haja ya kufungwa kamba.

Watanganyika karibu 87,000 waliingia jeshini katika vita ile ya pili ya dunia. Babu alipangwa katika batalioni ya 36, moja ya batalioni mbili za Tanganyika ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale waliovaa alama ya kichwa cha kifaru begani. Wakapelekwa kwanza Seilani, nchi ambayo siku hizi ni Sri Lanka, kufundishwa vita vya msituni. Akiwa huko ndipo ilipofika habari ya meli ya Khedive Ismail. Ilitoka Mombasa na askari wetu wengi wa mizinga, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani ikaizamisha karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297, meli ikazama katika dakika chache tu. Babu alikulia pwani, akijua bahari inavyochukua watu, lakini hesabu ile ilimshinda. Kila mara akiitaja meli hiyo alinyamaza kidogo, akasoma Fatiha, ndipo akaendelea.

Kisha Bama. Hivyo ndivyo walivyoiita Burma, na ndivyo nami nitakavyoiita.

Mwaka 1944, mvua za kule zikiwa zimekaza, Divisheni ya 11 ilipewa kazi ya kuwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma, kwa njia ya bonde la Kabaw, kuanzia Tamu kuteremka hadi Kalewa kwenye mto Chindwin. Majeshi mengi yalisubiri mvua zikatike. Wao walitembea ndani yake. Malori yalizama kwenye tope, chakula kikadondoshwa na ndege za Dakota kwa miavuli, na ukungu ukishuka ndege haziji, watu wanalala na njaa. Malaria ilikuwapo, na homa nyingine kali iletwayo na vijidudu vya majanini. Walimezeshwa vidonge vya mepakrini kila siku, mpaka viganja vikawa njano kama vya mwari aliyesingwa. Tarehe 2 Desemba 1944 Kalewa ikatwaliwa, na mafundi wa jeshi wakalifunga daraja la chuma juu ya Chindwin, zaidi ya mita 340, refu kuliko madaraja yote ya aina yake kwa wakati ule.

Hayo ya tarehe na mita nimeyasoma baadaye. Babu hakusimulia namna hiyo. Habari za kuua hakunipa, nami sikuthubutu kumdai. Alichosimulia ni miguu.

Alisema mguu ukikaa ndani ya kiatu chenye maji siku nne, ngozi huwa nyeupe, kisha huchanika, kisha mtu mzima mwenye bunduki hukaa chini kama mtoto akakataa kuinuka. Kwa hiyo kila jioni walikaa wawili wawili, kila mmoja akaipokea miguu ya mwenzake mapajani, akaikausha na kuisugua. Mzigua anausugua mguu wa Msambaa, Mngoni anausugua wa Mdigo. Ndiyo maana sisi wajukuu, mvua ikinyesha Ngamiani na maji yakajaa barabara za mtaani, hatukuruhusiwa kuingia ndani kabla ya kupita mbele yake. Alitupanga barazani, akachukua kanga kuukuu ya bibi, akatukausha mmoja mmoja, vidole kumi kwa kila mmoja, katikati ya kila kidole. Hakuharakisha. Nikiwa binti wa miaka kumi na mitatu niliona haya, nikamwambia nimekua. Akaniambia, "Mke wangu, mguu haukui," akaendelea na kazi yake. Mpaka leo wanangu nawakausha hivyo hivyo, na wao hawajui kwamba jambo hilo limetoka Bama.

Sasa daftari.

Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika, wenzake wa platuni walimfanya mwandishi wao. Walipopumzika, chini ya turubai, mtu alikuja akachuchumaa akamwambia: niandikie nyumbani. Lakini barua zote zilipita kwa ofisa, akazisoma, akakata mistari asiyoitaka. Habari za mahali zilikatwa, hilo walilielewa. Kilichowauma ni mzungu kuzisoma habari za mke, za deni, za mpaka wa shamba. Ikawa barua ina salamu tupu, na maneno yenyewe mtu anamwambia babu kwa mdomo: nikirudi nitayasema mwenyewe, nisiporudi utayafikisha wewe. Babu akayaandika katika daftari dogo, kwa penseli, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni Tongoni. Ofisa angeliokota asingeambulia neno.

Mimi mwenyewe sikuambulia neno nilipolipokea. Nililisoma kwa msaada wa mwalimu wa madrasa wa mtaani kwetu, jioni baada ya jioni, penseli nyingine imefutika na unyevu. Kuna majina 23. Kila jina na kijiji chake, na chini yake maneno.

Nilitegemea kukuta maneno makubwa. Nilikuta haya:

"Ng'ombe mwenye doa aliye kwa mjomba si wa mjomba. Ni wetu."

"Nadaiwa shilingi nne dukani. Mlipeni, asije akamdai mama."

"Mwembe wa mpakani uko upande wetu. Baba mdogo anajua, anajifanya hajui."

"Mtoto akiwa wa kike, apewe jina la bibi yake mzaa baba."

Na moja ambayo mwalimu aliisoma, akaliweka daftari chini, akatoka nje kidogo: "Mke wangu asinisubiri zaidi ya mwaka. Nimemridhia."

Hakuna hata mmoja aliyemtaja mfalme wala ushindi. Nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kuwaona, vijana wa miaka ishirini, mvua inawapiga, risasi ziko jirani, na akili zao ziko kwenye ng'ombe na mwembe. Walikuwa wanaishi kwao muda wote ule. Miili tu ndiyo iliyokuwa Bama.

Kati ya wale 23, 9 hawakurudi.

Babu alirejea Tanga mwaka 1946. Kiinua mgongo chake kilikuwa karibu theluthi ya alichopewa askari mzungu wa cheo kile kile, na jambo hilo lilimkaa moyoni mpaka kufa, maana alipenda hesabu za haki. Kwa fedha ile alinunua baiskeli ya Raleigh.

Hapa namwachia bibi, kwa sababu babu kila alipoisimulia safari ile aliifanya nyepesi. Bibi aliolewa miezi mitatu kabla ya babu kuondoka. Alisubiri miaka minne. "Alikuja Jumatatu," bibi aliniambia. "Akala, akalala siku mbili hata nikaogopa. Alhamisi nikamkuta anafunga mzigo kwenye karia ya baiskeli. Nikamwambia, hawa wafu wako wana nini hata wakutangulize mbele yangu? Akaniuliza, kama ningebaki mie kule, ungependa neno langu likufikie au lisikufikie? Sikumjibu. Nilikuwa na hasira nyingi. Lakini nilikwenda jikoni nikamfungia samaki mkavu na mikate."

Alikwenda kwa miezi mitano, akirudi na kuondoka. Muheza, Korogwe, Pangani, Handeni. Wawili walikuwa wa mbali, Songea na Tabora, hao aliwapelekea barua kwa posta na akangoja mpaka akapata majibu. Lakini safari ya milimani ndiyo ninayoiona kila nikifumba macho. Kutoka Mombo kwenda Lushoto barabara inapanda kwa kuzunguka, kilomita zaidi ya thelathini, na babu aliisukuma baiskeli sehemu kubwa ya njia akiwa amevaa koti lake la jeshi.

Mama wa yule kijana alimwona akiwa mbali. Akaliona koti. Babu alisema yule mama alijua palepale, kwa sababu hakuuliza. Alimkaribisha, akamtolea maji ya kunawa, akapika ugali na maharage, akakaa akamtazama akila. Alipomaliza, ndipo akasema, "Haya, mwanangu, nipe."

Babu akampa. Ng'ombe mwenye doa, aliye kwa mjomba.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Alikuwa na viatu?" Kwani mwanawe alitoka pale nyumbani pekupeku, na aliahidi akirudi atarudi na viatu.

Babu akamwambia ndiyo, alikuwa na viatu.

Nilipokuwa mkubwa wa kutosha nilimuuliza babu kama ilikuwa kweli. Alikaa kimya kitambo kirefu. "Mguu mmoja," akasema.

Koti aliliacha pale. Milimani Juni kuna baridi, na yule mama alikuwa na watoto wengine, mmoja wao wa miaka saba. Siku ya mazishi, nilipomwona yule mzee na koti lake, moyo uliniruka nikitamani liwe lilelile. Nikamuuliza kwa adabu. Akasema hapana, lile walilivaa kwa zamu yeye na ndugu zake mpaka likaisha. Vifungo vyake ndivyo mama yao alivyovihifadhi. Na ng'ombe alirudi nyumbani, akazaa.

Maisha ya babu baada ya hapo Tanga nzima iliyaona. Alipata kazi bandarini, karani wa kuhesabu marobota ya mkonge yanayoteremshwa kwenye matishari, akaifanya mpaka kustaafu. Jioni alikaa barazani kwa kahawa na bao. Manamba kutoka mashamba ya mkonge, watu wa Kigoma, Songea na kwingineko, walimletea barua awasomee, na wengine walitembea tangu Pongwe. Hakuchukua senti. Alikuwa na masharti yake: barua haisomwi mbele ya watu, na msomaji hasemi "pole" kabla mwenyewe hajafika mwisho. Kulikuwa na kiti maalumu cha barua, nyuma ya nyumba, chini ya mpera. Sisi watoto hatukukikalia.

Novemba 1978 Mwalimu Nyerere aliposema redioni kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, mtaa ulipiga makofi. Babu hakupiga. Hakuwa anapinga vita ile. Alisema mtu akiingia kwako ukamwacha, kesho analala chumbani. Lakini baba yangu mdogo alikuwa mgambo, na babu alijua kinachofuata. Usiku wa kumuaga hakumpa hadithi yoyote ya Bama. Alimpa jozi nne za soksi na daftari jipya. Akamwambia, "Soksi ni zako. Daftari ni la wenzako." Baba mdogo alifika mpaka Kampala, akarudi salama mwaka 1979, na daftari lake analo yeye, sijawahi kuliona na sitamwomba.

Mlo haukuanza nyumbani kwake kabla hajauliza nani hayupo. Nasi tulikuwa wengi, siku nyingine kumi na wanane kuzunguka sinia mbili. Ukitajwa huyupo, ilibidi isemwe uko wapi na utarudi lini, na fungu lako likafunikwa kawa. Nilipokuwa Dar es Salaam kwa masomo, bibi anasema nilitajwa kila jioni. Fungu langu hawakulifunika, kwa kuwa nilikuwa mbali, lakini jina lilitajwa.

Ugonjwa wake haukuwa mrefu na sina haja ya kuueleza. Siku mbili kabla, akili yake ikiwa timamu, aliniita akaniambia niende kwa muuza kahawa, anamdai vikombe sita. Nikaenda nikalipa. Nikarudi nikamwambia nimelipa. Akasema, "Mwambie aseme kwa mdomo wake kwamba amepokea." Nikarudi tena, nikamleta muuza kahawa mwenyewe mpaka kitandani, akasema amepokea, na wote wawili wakalia. Ndipo babu akatoa daftari chini ya mto.

Kaskazini ya Yangon, mahali paitwapo Taukkyan, zipo nguzo zilizochongwa majina karibu 27,000 ya askari waliopigana Bama na makaburi yao hayajulikani, Waafrika wakiwamo. Nimezitafuta orodha zake kwenye intaneti, nikakuta majina mawili ya daftari, yameandikwa kwa sikio la Mwingereza, lakini ni wao. Nilifurahi, sitaficha. Halafu nikafikiri kwamba hakuna mtu wa kwao atakayefika kwenye nguzo ile, na kwamba babu, kwa Raleigh yake, aliwafikia wengi zaidi.

Majina 8 katika yale 9 yamepigwa mstari wa penseli, mmoja mmoja, na pembeni tarehe aliyofikisha. La 9 halina mstari. Babu alikwenda huko mara tatu, upande wa Handeni, njia ya Kwamsisi. Mara ya kwanza aliambiwa familia imehamia kwenye mashamba ya mkonge kutafuta kazi. Mara ya pili na ya tatu hapakuwa na aliyekumbuka hata kuhama kwao. Mimi nimekwenda mara mbili, pamoja na baba mdogo. Tumeuliza msikitini, tumeuliza kwa mwenyekiti wa kijiji, tumekaa na wazee. Hatujapata.

Jina silitaji hapa. Mwenye naye ndiye atakayenitajia, nami nitajua. Lakini ikiwa kwenu, Uziguani au popote ukoo wenu ulipohamia, mlikuwa na kijana aliyechukuliwa ukeya akapotelea Bama mwaka 1944, na nyumbani aliacha dada mmoja mdogo, na dada huyo alikuwa akichunga mbuzi wawili, mmoja ana sikio lililokatwa, basi salamu zenu ninazo. Njooni Ngamiani, Tanga, ulizeni nyumba ya Mzee Keya. Mtapata maji ya kunawa na chakula kwanza. Kisha nitawasomea kama yalivyoandikwa. Ni mistari miwili, na ni ya huyo dada, au ya watoto wake.